Gari-nyumba lenye wito wa kiwanda: kusubiri, fundi binafsi, kumbana muuzaji au kuripoti?

Nyayo_Ndefu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za humu. Naomba tulinganishe njia, kwa sababu kila ninayemuuliza ananivutia upande wake na mimi nina watoto watakaolala ndani ya gari hili.

Ni gari-nyumba lililotumika, nimelinunua kwa muuzaji wa magari, si kwa mtu binafsi. Nilipotafuta kwa namba ya chesisi nikakuta wito wa kiwanda (tangazo la kurudisha gari au kifaa chenye kasoro ya usalama kitengenezwe bure) ambao mmiliki aliyetangulia hakuuitikia: mpira wa breki ya mbele unaweza kusuguana na chuma mpaka utoboke. Huo wakala wa chesisi ameupokea bila ubishi, atabadilisha bure na tarehe nimepewa.

Kinachonikwamisha ni friji. Ni ile ya gesi na umeme, na modeli yake imo kwenye wito uliotolewa na mtengenezaji wa friji mwenyewe kwa hatari ya moto. Wakala wa chesisi anasema friji haimhusu. Kampuni iliyojenga nyumba juu ya chesisi inasema spea hazijafika, nisubiri barua ya pili. Muuzaji anasema aliniuzia gari "kama lilivyo". Na kuna fundi wa kujitegemea aliye tayari kuishughulikia mara moja kwa pesa yangu.

Kwa hiyo mbele yangu kuna kusubiri kiwanda, kumpa kazi fundi huyo, kumbana muuzaji arekebishe au achukue gari lake, au kulipeleka suala kwenye mamlaka ya usalama wa magari. Wenye uzoefu, mngeanza na ipi na kwa nini?

FundiWaMtungi

Kabla ya kulinganisha chochote, friji hiyo izimwe leo. Na kuizima si kuitoa kwenye gesi na kuiweka kwenye umeme. Wengi wakisikia "hatari ya moto" kwenye friji ya gesi wanadhani tatizo ni gesi ya mtungini, basi wanaihamishia kwenye umeme na kulala wakiamini wamejilinda. Hawajajilinda.

Friji za namna hii hazina kompresa. Kwenye mabomba yake ya nyuma kuna mchanganyiko wa amonia na maji, kuna haidrojeni, vyote kwa shinikizo kubwa, na kemikali ya kuzuia kutu. Chini kuna sehemu inayochemshwa, ama kwa mwali wa gesi ama kwa hita ya umeme. Joto hilo ndilo linaloisukuma amonia izunguke na kuleta ubaridi. Bomba la sehemu hiyo likichoka kwa joto la miaka na kupata ufa, kinachotoka ni amonia na haidrojeni, na haidrojeni hushika moto kwa urahisi sana. Hita ya umeme inachemsha bomba lile lile. Umebadilisha chanzo cha joto tu, ufa uko palepale.

Mambo haya yameshatokea kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2006 Dometic ilitoa wito Marekani uliogusa friji zaidi ya 900,000, sababu ikiwa nyufa za uchovu kwenye bomba la kuchemshia. Mwaka 2010 Norcold nayo ikaziita friji zake za mfululizo wa 1200, pia kwa hatari ya moto. Kwa hiyo mtu asikwambie "zimetumika miaka mingi na hakuna kilichotokea". Uchovu wa chuma ni jambo la miaka mingi hasa.

Namna ya kuizima: funga valvu ya gesi inayokwenda kwenye friji, au mtungi wenyewe kama valvu hiyo haipo. Chomoa plagi ya umeme mkubwa. Toa na fyuzi ya volti 12. Nasisitiza fyuzi kwa sababu friji nyingi zina mpangilio wa kujichagulia chanzo zenyewe, ukikosea kubonyeza kitufe inaweza kujiwasha ukiunganisha gari kwenye umeme wa kambini. Ukifungua matundu ya nje na kukuta unga au madoa ya manjano kwenye mabomba, au ukasikia harufu kali ya amonia, bomba limeshavuja na haifai kuwashwa tena kabisa. Usipoviona hivyo, bado usiiwashe. Ufa hautoi taarifa mapema.

Bi_Safari

Nyayo, hao wanaokurusha huku na kule hawakudanganyi wote. Gari-nyumba hutengenezwa na mikono mingi, na kila mkono una wito wake. Kuna aliyetengeneza chesisi na injini: Ulaya mara nyingi ni Fiat Ducato, Ford au Mercedes-Benz. Kuna aliyejenga nyumba juu yake. Halafu kuna waliotengeneza vifaa: friji, jiko, hita, regulata ya gesi, ngazi ya mlangoni, jeki za kusawazisha, matairi. Breki na usukani ni za mtu wa kwanza. Nyaya za umeme wa ndani, mikanda ya viti vya nyuma, namna bomba la gesi lilivyopitishwa, ni za mtu wa pili. Friji yenyewe ni ya mtu wa tatu.

Ndiyo maana utafutaji wa namba ya chesisi ulikuonyesha breki tu. Tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama wa magari ya Marekani, kwa mfano, inaonyesha wito wa gari husika, lakini wito uliotolewa kwa kifaa kama friji au tairi hautokei kwa namba ya chesisi. Unautafuta kwa jina la mtengenezaji wa kifaa na modeli. Isitoshe, utafutaji ule haufiki nyuma zaidi ya miaka 15, na baadhi ya watengenezaji wadogo hawamo. Wajenzi wa nyumba za magari wengi ni kampuni ndogo.

Kwa hiyo mwenye gari-nyumba anatafuta mara tatu. Namba ya chesisi. Kisha jina la mjenzi na mwaka wa modeli, ukikumbuka kwamba chesisi ya mwaka mmoja inaweza kujengewa nyumba mwaka unaofuata. Kisha zunguka ndani ya gari na simu yako, piga picha kila kibandiko chenye namba ya modeli na namba ya serie: friji, jiko, hita ya maji, regulata, kengele ya gesi, kisha tafuta kimoja kimoja. Kibandiko cha friji mara nyingi kiko ndani, ukutani mwa friji. Kazi hii inachosha, lakini hakuna mtu mwingine atakayekufanyia.

Kwenye suala lako, usimalizie kwa mjenzi wa nyumba. Mwandikie mtengenezaji wa friji moja kwa moja, mpe namba ya serie, muulize nani ameidhinishwa kuifanya kazi hiyo. Mara nyingi si wakala aliyekuuzia gari wala mjenzi, ni gereji fulani ya vifaa vya gesi iliyosajiliwa kwake.

Tairi_Nne

Mimi nitasema wazi: mpe fundi wa kujitegemea. Wito ni mzuri kwenye karatasi, lakini barua ya kwanza huja kabla spea hazijapatikana, unaambiwa subiri, msimu unapita gari limelala. Fundi mzuri anaweza kutoa kitengo chote cha kupozea nyuma ya friji na kuweka kipya cha mtengenezaji mwingine. Au bora zaidi, toa friji hiyo kabisa uweke ya kompresa ya volti 12. Hakuna mwali, hakuna amonia, na matundu ya nje unayaziba. Unalipa mara moja, unalala vizuri.

Kusubiri nako kuna gharama. Mtu anayeambiwa asubiri miezi bila friji, akiwa na watoto, siku moja ataiwasha "kidogo tu". Njia inayomwacha mtu na kishawishi hicho si njia salama.

Mizani

Tairi_Nne, hoja yako ya kishawishi nakubaliana nayo. Lakini kuna jambo la pesa ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa. Kwa magari yaliyo chini ya sheria ya Marekani, kiwanda kinatakiwa kiwe na mpango wa kuwarudishia gharama wale waliojitengenezea *kabla* ya kutaarifiwa. Wewe ukitengeneza kwingine *baada* ya taarifa, mpango huo haulazimiki kukufikia. Na ukiiondoa friji, umeondoa kitu ambacho kiwanda kilikuwa na wajibu wa kukitengeneza bure. Unaweza kukubali hasara hiyo kwa hiari, sawa, lakini iwe kwa hiari.

Kuhusu muuzaji, hapa jibu linategemea sana gari limeuzwa chini ya sheria ipi.

Uingereza, ukinunua kwa mfanyabiashara, Consumer Rights Act ya 2015 (sheria ya haki za wanunuzi) inakupa siku 30 za mwanzo kulikataa gari lenye kasoro na kurudishiwa pesa. Baada ya hapo muuzaji ana nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha. Ikishindikana unaweza kulikataa au kupunguziwa bei. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 huchukuliwa kwamba ilikuwepo siku ya mauzo, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni ya muuzaji. Maneno "kama lilivyo" hayamfutii mfanyabiashara wajibu huo kwa mnunuzi wa kawaida. Nchi za Umoja wa Ulaya zina msingi unaofanana kupitia Direktivu 2019/771: miaka 2 ya dhamana ya kisheria, ingawa kwa vitu vilivyotumika nchi inaweza kuruhusu ipunguzwe hadi mwaka 1.

Marekani ni tofauti. Hakuna sheria ya shirikisho inayomkataza muuzaji kuuza gari lililotumika likiwa na wito ambao haujatekelezwa, na katika majimbo mengi "kama lilivyo" iliyoandikwa vizuri ina nguvu kweli. Sheria za majimbo za kuwalinda wanunuzi wa magari mabovu nazo mara nyingi zinaligawa gari-nyumba vipande viwili. California, kwa mfano, inalinda chesisi na sehemu ya kuendeshea, sehemu ya kuishi inaachwa nje. Friji iko upande ulioachwa.

Lakini kila mahali shikilia hili: mkataba wako na muuzaji hauondoi wajibu wa kiwanda. "Kama lilivyo" ni maneno ya muuzaji. Wito ni deni la mtengenezaji, na linafuata kifaa, halifutiki kwa sababu gari limebadilisha mmiliki.

Nyayo_Ndefu

Shukrani sana. Friji imeshazimwa, fyuzi nimeitoa na valvu nimefunga. Mizani, gari nimelinunua kwa mfanyabiashara na bado niko ndani ya ule muda wa mwanzo wa siku 30. Kwa kweli gari lenyewe nalipenda na sitaki kulirudisha kwa ajili ya friji. Je, nikimwandikia muuzaji sasa nitakuwa nimejifunga kwenye njia ya kulikataa?

Mizani

Hapana. Kumwandikia hakukufungi, kunakulinda. Andika kwa barua pepe, si kwa simu. Taja tarehe ya mauzo, wito wenyewe na namba yake, hali ya friji kwamba haiwezi kutumika kwa usalama, na unachotaka: atengeneze, aweke friji nyingine, au apunguze bei kwa kiasi cha friji. Mpe muda unaoeleweka wa kujibu. Sema pia kwamba haki zako nyingine unazibakiza. Usikubali kubishana naye kama friji "inafanya kazi". Kupoza inapoza. Suala ni kama inaweza kupoza bila kuhatarisha waliolala mita moja kutoka hapo.

Na kwa sababu ungali kwenye muda wa mwanzo, una nguvu ambayo hutakuwa nayo mwezi ujao. Muuzaji anayejua unaweza kulikataa gari zima huona friji mpya ni nafuu kwake. Ndiyo maana kwenye hali yako ningempanga muuzaji mbele ya fundi wa kujitegemea. Angekuwa ni mtu binafsi aliyekuuzia, ningesema kinyume.

FundiWaMtungi

Narudi kwa Tairi_Nne, maana hoja yake ya friji ya kompresa ni nzuri na watu wataifuata. Iko sawa, ila kuna kazi tatu ambazo hazitakiwi kurukwa. Bomba la gesi lililokuwa linakwenda kwenye friji likatwe na kuzibwa na mwenye sifa za gesi, kisha mfumo mzima upimwe shinikizo. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia sakafuni, na ndiyo sababu magari haya yana matundu ya kutokea gesi chini. Hayo matundu ya sakafuni usiyazibe kamwe. Yale ya ukutani nyuma ya friji ndiyo yanayozibwa. Pili, kompresa inakula betri usiku na mchana, betri moja ndogo ya nyumba haitatosha kwa anayekaa mahali pasipo umeme. Tatu, nyaya: friji ya zamani ikiwa kwenye gesi ilikuwa inachukua umeme kidogo sana wa volti 12 kwa ajili ya vidhibiti tu. Usichukulie kwamba waya uliopo unaufaa mzigo mpya. Waya mwembamba unaopata joto nyuma ya kabati la mbao ni hatari ya moto kama ile uliyoikimbia.

Ninachokataa kabisa ni kuweka kiraka kwenye friji yenyewe. Nimewahi kuona feni ya kompyuta imefungwa nyuma ya friji iliyoitwa, mwenyewe anasema imeshapoa. Feni husaidia hewa ipite, haitibu bomba lililochoka.

Kipima_Ekseli

Naingilia kidogo pembeni, kwa sababu naona wote tumeangalia moto. Kuna aina ya wito ambayo watu hutupa barua yake bila kuisoma hadi mwisho: wito wa kibandiko. Barua inasema kiwanda kitakutumia kibandiko kipya ubandike mlangoni, unaona ni upuuzi wa karatasi. Soma kilichobadilika. Mara nyingi ni uzito unaoruhusiwa kubebwa au upepo wa matairi.

Gari-nyumba hujengwa likiwa limeshakaribia kikomo chake. Ulaya mengi yamebanwa chini ya kilo 3,500 ili dereva mwenye leseni ya kawaida aliendeshe. Toa uzito wa maji, mtungi wa pili wa gesi, turubai la pembeni, baiskeli nyuma, abiria wanne, na kilichobaki kwa mizigo ni kidogo kuliko unavyofikiri. Kibandiko kikiwa kimekosea, umejaza gari kwa nia njema na ekseli ya nyuma imezidiwa. Tairi lililozidiwa mzigo huku upepo ukiwa pungufu hupata joto, na tairi lenye joto hupasuka kwenye mwendo, siyo likiwa limeegeshwa. Kibandiko kipya kikifika, nenda kwenye mizani ukiwa umepakia kama unavyosafiri kweli, upime ekseli moja moja na siyo jumla peke yake. Gari linaweza kuwa ndani ya kikomo cha jumla huku ekseli ya nyuma ikilia.

Matairi nayo angalia umri. Tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari haya husimama sana, kwa hiyo tairi huzeeka kabla kashata zake hazijaisha. Na wito wa tairi una muda wake: Marekani kutengenezewa gari bure hufika miaka 15, lakini kwa tairi ni miaka 5 tu tangu kununuliwa.

Barua_Wazi

Hakuna aliyeigusa njia ya nne, ya kuripoti, na mimi naiona ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Watu wanaripoti wakiwa na hasira, wanategemea mamlaka impigie simu muuzaji, isipofanya hivyo wanasema haina maana. Kazi yake siyo hiyo. Mamlaka hizi, NHTSA Marekani, DVSA Uingereza, KBA Ujerumani, Transport Canada, zote haziamui ugomvi wa mtu mmoja na wakala wake. Zinakusanya taarifa mpaka zione mchoro: kifaa kilekile, kasoro ileile, magari tofauti. Hapo ndipo uchunguzi unafunguliwa na kiwanda kinaulizwa maswali ambayo wewe peke yako hakiwezi kukujibu.

Kwenye magari-nyumba jambo hili lina uzito wa pekee. Gari dogo la kawaida lipo kwa mamia ya maelfu, kasoro ikianza malalamiko yanarundikana upesi. Modeli moja ya gari-nyumba inaweza kuwa na magari machache tu barabarani. Taarifa chache zinaweza kuwa ndizo zote zilizopo. Usipoandika wewe, huenda hakuna mwingine atakayeandika.

Andika kama fundi. Namba ya chesisi, kilomita, kifaa na namba yake ya serie, ulikuwa unafanya nini, ulisikia au kunusa nini, nani aliitwa, alijibu nini. Weka picha. Usiandike nia za kiwanda, andika kilichotokea. Na kama kiwanda kimeshatoa wito lakini hakitekelezi, sema hivyo waziwazi, kwa sababu hilo nalo linafuatiliwa. Sheria ya Marekani inasema gari likipelekwa na lisitengenezwe ipasavyo ndani ya siku 60, huo ni ushahidi wa mwanzo kwamba kiwanda kimeshindwa kutengeneza kwa muda unaofaa, na hapo mlango wa kubadilishiwa au kurudishiwa pesa unaanza kufunguka. Kama barua ilitaja siku ambayo matengenezo yatakuwa tayari, hesabu huanza siku hiyo. Kwa hiyo pata ushahidi wa maandishi kwamba ulilipeleka. Kupiga simu na kuambiwa "bado" hakukuanzishii saa.

Umoja wa Ulaya nao, tangu kanuni 2018/858 ianze kutumika Septemba 2020, Kamisheni yenyewe inaweza kuagiza wito na kutoza faini ya hadi euro 30,000 kwa kila gari. Ujerumani, kwa wito mzito, mwenye gari asiyeuitikia anaweza hata kuzuiwa kulitumia barabarani.

Jambo moja zaidi, tofautisha wito na waraka wa kiufundi. Kiwanda hutuma nyaraka kwa mawakala kueleza namna ya kutengeneza tatizo fulani. Hizo si wito, hazikupi haki ya kutengenezewa bure nje ya waranti. Lakini ukiona waraka wa kiufundi unaelezea harufu ya gesi au usukani kuwa mgumu, huo ni usalama umevaa nguo za kero ya kawaida, na ni sababu nzuri ya kuripoti.

Tairi_Nne

Barua_Wazi, hilo la siku 60 sikuwa nimelifikiria hivyo. Bado nasema kwa aliyenunua kwa mtu binafsi, gari la zamani, friji iliyopita umri wa wito, njia ya fundi na kompresa ndiyo inayobaki. Kwa Nyayo nakubali muuzaji kwanza.

Nyayo_Ndefu

Swali la mwisho kabla sijaamua. Ndugu yangu alitaka tukodi gari-nyumba jingine kwa safari hii wakati langu likishughulikiwa. Ya kukodi si yanakaguliwa kisheria?

Bi_Safari

Usitegemee hilo. Marekani kuna sheria iliyoanza kutumika 2016 inayowakataza wakodishaji wenye magari 35 au zaidi kukodisha gari lenye wito ambao haujatekelezwa. Lakini inahusu magari yenye uzito unaoruhusiwa usiozidi pauni 10,000, karibu kilo 4,536. Magari-nyumba makubwa yanapita hapo, kwa hiyo yako nje. Na watu binafsi wanaokodisha gari lao moja nao wako nje. Omba namba ya chesisi kabla ya kulipa, utafute mwenyewe, kisha ukifika kulichukua soma kibandiko cha friji na tarehe ya kengele za kaboni monoksidi na gesi. Kengele hizo zina mwisho wa matumizi ulioandikwa nyuma yake, na kitufe cha majaribio huthibitisha mlio tu, hakithibitishi kwamba kihisi bado ni kizima. Mkodishaji makini hataona vibaya ukiuliza.

Nyayo_Ndefu

Nimeamua hivi. Breki inakwenda kwa wakala wa chesisi siku tuliyopanga, na gari halitembei kwenda popote pengine kabla ya hapo. Muuzaji nimemwandikia leo kwa mpangilio wa Mizani, nimeomba friji ya kompresa au punguzo la kuiweka mwenyewe. Mtengenezaji wa friji nimemtumia namba ya serie nikiuliza gereji iliyoidhinishwa. Taarifa kwa mamlaka naiandika usiku huu. Fundi wa kujitegemea nimemwambia asubiri, nitamhitaji kwa bomba la gesi na nyaya kama muuzaji atakubali punguzo.

FundiWaMtungi

Vizuri. Ukikubaliana na muuzaji kuhusu friji ya kompresa, kabla ile ya zamani haijatolewa piga picha kibandiko chake na nyuma yake yote, na mwambie mtengenezaji kwa maandishi kwamba imeondolewa. Usiiuze wala kuigawa ikiwa nzima. Friji iliyoitwa ikitoka kwenye gari lako huishia kwenye gari la mtu asiyejua.

Bi_Safari

Na ukichukua gari kwa wakala wa chesisi, usiondoke na "imeshafanyika" ya mdomo. Omba karatasi yenye namba ya wito, namba ya chesisi, tarehe na sehemu iliyobadilishwa. Subiri siku chache, tafuta tena kwa namba ya chesisi uone kama wito umefungwa. Ukiwa bado wazi, rudi na karatasi hiyo. Halafu jisajili kwa jina lako na anwani yako kwa wote watatu: chesisi, mjenzi wa nyumba, mtengenezaji wa friji mpya. Barua za wito hutumwa kwa anwani waliyo nayo, na kwa sasa walio nayo ni ya mmiliki aliyetangulia.